Lev Yashin: Kipa aliyeanza kwa vichekesho, akamaliza na Ballon d'Or

KAMA kuna kazi ngumu uwanjani, ni ya kipa. Straika anakosa mabao matano, anafunga la sita, jioni anabebwa mabegani. Kipa anaokoa mipira tisa, wa kumi unampita tumboni, na usiku kucha vijiweni ni yeye tu anayesemwa. Kila shabiki anayesoma hapa ameshawahi kumtukana kipa wa timu yake walau mara moja. Usikatae.

Sasa sikia hii. Kipa bora kuliko wote katika historia, kipa pekee aliyewahi kubeba Ballon d'Or tangu tuzo hiyo ianzishwe mwaka 1956, alianza maisha yake ya soka kwa kufungwa bao na kipa mwenzake. Si penalti, si faulo. Kipa wa upande wa pili alipiga mpira mrefu kutoka golini kwake, ukaenda mpaka wavuni.

Huyo ni Lev Yashin, yule waliyemuita Buibui Mweusi. Alifariki dunia mwaka 1990, na wengi wanaomtaja leo hawajawahi kumuona akidaka. Wanajua tu kwamba alikuwa hatari. Kisichosimuliwa sana ni mangapi yalimkuta kabla na baada ya kuitwa hatari, na mara ngapi alikuwa na kila sababu ya kuacha.

UTOTO WA KIWANDANI

Yashin alizaliwa Oktoba 22, 1929, Moscow, katika familia ya wafanyakazi wa viwandani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, baba akaoa tena. Alikulia kwenye maisha ya kawaida ya mtaani: mpira uani wakati wa joto, na barafu wakati wa baridi.

Juni 1941 Ujerumani ikaivamia Urusi ya Kisovieti. Lev alikuwa na miaka 11. Viwanda vya Moscow vikaanza kung'olewa, mashine zinapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa mbali mashariki ili adui asizifikie. Familia ya Yashin ikaenda na kiwanda cha baba hadi upande wa Ulyanovsk, kando ya mto Volga. Huko kulikuwa na baridi kali na chakula cha kupimiwa. Watoto wakawa wanasaidia kushusha mashine.

Mwaka 1943, wanaume wengi wakiwa vitani, viwanda vilihitaji mikono. Lev akaingia kiwandani akiwa na miaka 13, akajifunza ufundi wa vyuma. Wakati wenzake wa nchi nyingine wako darasa la saba, yeye anatengeneza vifaa vya vita. Vita ilipokwisha alipewa medali ya serikali kwa kazi hiyo, bado yuko kwenye umri ambao leo tunamuita kijana wa timu B.

Maisha hayo yalimuachia mambo mawili. La kwanza ni sigara, aliyoianza mapema na ambayo hakuweza kuiacha. La pili ni tumbo. Lishe mbovu ya miaka ya vita ilimletea vidonda vya tumbo, na maumivu hayo yalimfuata miaka yote aliyocheza mpira. Ukimuona kwenye picha za zamani ameruka kama paka, kumbuka kwamba huenda asubuhi yake alikuwa amekunywa maji yenye magadi ya kuokea ili tumbo litulie.

Waliporudi Moscow aliendelea na kiwanda kule Tushino. Alikuwa anaamka alfajiri na kurudi usiku, katikati ya hapo anachezea timu ya kiwanda. Kocha alipomuona ana miguu na mikono mirefu, akamuweka golini. Yeye mwenyewe alikuwa anapenda kucheza mbele na kufunga. Akanuna kidogo, kisha akakubali.

AVUNJIKA MOYO AKIWA NA MIAKA 18

Hapa kuna sehemu ambayo zamani watu hawakupenda kuizungumza. Alipofika miaka 18, Yashin alichoka. Haikuwa uchovu wa kulala ukaamka sawa. Akili iligoma. Akawa mtu wa hasira na huzuni, kila kitu kinamuudhi, mpaka siku moja akaacha kwenda kazini. Akaondoka na nyumbani.

Wakati ule, katika nchi ile, kutoroka kazi lilikuwa kosa la kukupeleka mbele ya sheria. Kijana mwenye medali ya vita angeweza kuishia pabaya. Akashauriwa ajiunge na jeshi mapema kwa hiari yake, na akafanya hivyo.

Jeshini alipangiwa kubaki Moscow, na huko kulikuwa na mpira. Mwaka 1949 akaonwa na Arkady Chernyshev, kocha aliyekuwa anakusanya vijana wa Dynamo Moscow. Chernyshev hakuwa mtu mdogo. Ndiye baadaye aliyeipa Urusi ya Kisovieti dhahabu ya Olimpiki ya mpira wa magongo wa barafuni mwaka 1956. Aliona nini kwa yule kijana mrefu, mwembamba, mwenye macho ya uchovu? Pengine mikono ile tu. Vyovyote vile, akamchukua.

MWANZO WA AIBU

Dynamo wakati huo walikuwa na Aleksei Khomich, kipa aliyeitwa Chui baada ya ziara maarufu ya klabu hiyo Uingereza mwaka 1945. Ukiwa kipa kijana pale, unabeba mipira na kusubiri. Yashin akasubiri.

Nafasi ikaja kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya Traktor ya Stalingrad. Kipa wa Traktor akapiga mpira mrefu, upepo ukausukuma. Yashin akatoka kuufuata akiutazama juu, akagongana na beki wake mwenyewe, wote chini. Mpira ukadunda, ukaingia polepole golini. Wachezaji wakubwa wa Dynamo waliokuwa wamekaa pembeni wanaambiwa walicheka mpaka machozi. Nani anafungwa na kipa?

Julai 1950 ikaja mechi yenyewe ya ligi, tena dhidi ya watani wao Spartak. Dynamo wanaongoza 1-0, Khomich akaumia, Yashin akaingia. Zikiwa zimebaki dakika chache, krosi ikapigwa. Yashin akatoka, na kama vile ameandikiwa, akagongana tena na mchezaji wa timu yake, Vsevolod Blinkov. Spartak wakasukuma mpira wavuni, 1-1. Dynamo ilikuwa klabu ya wizara ya mambo ya ndani, klabu ya polisi kwa lugha ya mtaani. Baada ya mechi bosi mmoja wa ngazi ya juu aliingia vyumbani kwa hasira, akataka yule kijana aondolewe.

Hakuondolewa mara moja. Akapewa nafasi nyingine Tbilisi, Dynamo wakiwa mbele kwa mabao kadhaa. Wenyeji wakarudisha mpaka 4-4. Bahati ikawa upande wa Dynamo, wakapata la tano na kushinda 5-4, lakini kwa Yashin mambo yalikuwa yameisha. Mechi mbili za ligi, aibu mbili. Akarudishwa timu ya akiba, na hakuonekana tena kikosi cha kwanza hadi mwaka 1953.

MIAKA MITATU YA BARAFU

Fikiria umri wake: 20 kwenda 23. Huu ndio muda ambao wachezaji wengi huamua. Mwingine angerudi kiwandani na kusema mpira ulikuwa utoto. Mwingine angehamia klabu ndogo, akawa mfalme wa huko.

Yashin alifanya kitu kingine. Asubuhi anafanya mazoezi na akiba wa soka. Baridi ikiingia, anavaa viatu vya barafu na kusimama golini kwenye timu ya Dynamo ya mpira wa magongo. Kule kitu kinachorushwa ni kisahani kigumu cha mpira, kinakuja kwa kasi kuliko mpira wa miguu, na goli ni dogo. Kipa huna muda wa kufikiri, ama umeona ama umefungwa. Vidole vinauma, mbavu zinapigwa, na usiku mwili wote una madoa.

Lakini ndiko alikojifunza kusoma kisahani kabla hakijapigwa, kwa kumtazama mpigaji mkono na bega. Ndiko alikojifunza kusogea mbele kulifanya goli liwe dogo. Mwaka 1953 akabeba Kombe la Urusi ya Kisovieti la mpira wa magongo, akiwa kipa. Kulikuwa na watu waliotaka abaki kwenye barafu moja kwa moja.

Mwaka huohuo Khomich akaondoka Dynamo. Lango la soka likawa wazi. Yashin akachagua soka, mchezo uliomuaibisha, badala ya ule uliompa kombe. Mwaka huohuo wa 1953 Dynamo wakatwaa pia Kombe la soka. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa ligi na yeye akaitwa timu ya taifa. Kuanzia hapo hakuna aliyemtoa.

ALIVYOBADILISHA KAZI YA KIPA

Vijana wa leo wanaona kawaida kipa kutoka nje ya boksi, kupiga kelele kwa mabeki, na kuanzisha shambulizi kwa kurusha mpira kwa mkono. Miaka ya 1950 kipa alikuwa mtu wa kusimama mstarini kusubiri hukumu. Yashin alikataa kusubiri. Alitoka kukata krosi, alipiga ngumi mipira ambayo wengine waling'ang'ania kuidaka, na alikuwa anawapanga mabeki wake kwa sauti muda wote wa mchezo.

Ukiangalia vizuri utagundua jambo. Aibu zake zote za mwanzo zilitokana na kutoka golini. Traktor alitoka, Spartak alitoka. Ushauri wa kawaida ungekuwa abaki ndani, asijitie. Yeye aliendelea kutoka, ila akajifunza kuongea. Ukipiga kelele mapema, beki hakugongi.

Mwaka 1956 akatwaa dhahabu ya Olimpiki Melbourne, fainali wakiifunga Yugoslavia 1-0. Mwaka 1958 akacheza Kombe la Dunia la kwanza la nchi yake, Sweden, wakafika robo fainali. Julai 10, 1960, Paris, Urusi ya Kisovieti ikawa bingwa wa kwanza kabisa wa Ulaya baada ya kuichapa Yugoslavia 2-1 katika muda wa nyongeza. Alikuwa na miaka 30, na dunia nzima ilimjua.

Unaweza kudhani hadithi inaishia hapo. Kumbe ndiyo kwanza.

CHILE 1962: NCHI NZIMA YAMGEUKA

Kombe la Dunia la 1962 lilifanyika Chile. Kwenye kundi, Urusi ya Kisovieti ilikuwa inaongoza 4-1 dhidi ya Colombia. Ikapigwa kona na Marcos Coll, mpira ukadunda karibu na mwamba wa karibu na kupita moja kwa moja wavuni. Mpaka leo hilo ndilo bao pekee la kona ya moja kwa moja katika fainali za Kombe la Dunia za wanaume, na aliyekuwa golini ni Yashin. Mechi ikaisha 4-4.

Walivuka kundi, wakakutana na wenyeji Chile kwenye robo fainali mjini Arica. Leonel Sánchez akafunga kwa faulo, Eladio Rojas akafunga kwa shuti la mbali. Chile 2, Urusi ya Kisovieti 1. Safari ikaishia hapo.

Mechi hizo hazikuoneshwa moja kwa moja nyumbani. Mashabiki walisubiri taarifa za waandishi, na taarifa iliyowafikia ilikuwa na jina moja la mkosaji: Yashin. Magazeti ya nje nayo yakaandika kwamba amekwisha, ana miaka 32, zama zake zimepita.

Aliporudi Moscow, alipokelewa kwa miluzi ya kuzomea. Kila akigusa mpira uwanjani, uwanja unapiga kelele. Mashabiki wa timu yake mwenyewe. Wakavunja vioo vya nyumba yake. Wakamwandikia barua za matusi. Mtu aliyewaletea dhahabu ya Olimpiki na ubingwa wa Ulaya akawa hawezi kutoka nje kwa amani kwa sababu ya mabao ambayo wengi wao hawakuyaona hata kwa macho.

Hapo alifikiria kustaafu. Alikuwa na sababu: tumbo linauma, umri umeenda, mke na mabinti wawili nyumbani, na vioo vimevunjwa. Ni nani angemlaumu?

AENDA KUVUA SAMAKI

Aliyemuokoa ni kocha wa Dynamo, Aleksandr Ponomarev. Hakumlazimisha kucheza, wala hakumpa hotuba. Alimuacha apumzike. Yashin alikuwa mpenzi mkubwa wa kuvua samaki, akaenda zake mashambani na ndoana yake. Siku zikapita, akawa anakaa kimya kando ya maji.

Mtu aliyezoea kelele za uwanja akikaa kimya wiki kadhaa, anaanza kusikia kitu anachokikosa. Yashin akaanza kukosa mpira. Akarudi mazoezini taratibu, bila makeke.

Tofauti ya Yashin wa miaka 18 na Yashin wa miaka 32 iko hapa. Wa kwanza alivunjika kwa sababu hakupumzika mpaka mwili ukakataa. Wa pili alijua kusimama kidogo kabla ya kuanguka. Uvumilivu siyo kukaza meno kila siku mpaka yang'oke. Wakati mwingine unaweka glovu chini, unaenda mtoni, ukirudi unazivaa tena.

MWAKA WA 1963

Kilichofuata ndicho kinachofanya jina lake liwe kwenye vitabu. Msimu wa 1963 Dynamo wakawa mabingwa wa ligi. Katika mechi 27 alizocheza Yashin, aliruhusu mabao sita tu. Ndiyo, sita. Msimu mzima.

Oktoba 23, 1963, Chama cha Soka cha Uingereza kilisherehekea miaka 100 kwa mechi Wembley, England dhidi ya Mastaa wa Dunia. Golini kwa Mastaa wa Dunia kipindi cha kwanza akasimama Yashin, mbele yake wakiwemo Eusébio na Alfredo Di Stéfano. England walishambulia, Jimmy Greaves akapiga na kupiga, hakuna kilichopita. Alipotoka mapumziko ubao ulikuwa 0-0. Mwisho England wakashinda 2-1, lakini kilichozungumzwa ni yule mrefu wa jezi ya giza. Na safari hii watu wa nyumbani walimuona kwa macho yao kwenye televisheni.

Wiki chache baadaye, mjini Roma, akacheza mkwaju wa penalti wa Sandro Mazzola wa Italia kwenye mechi ya kufuzu fainali za Ulaya. Desemba ikafika, Ballon d'Or ikaenda kwa Lev Yashin, mbele ya Gianni Rivera na huyohuyo Greaves. Kipa wa kwanza kuitwaa. Zaidi ya miaka 60 imepita, wamekuja kina Dino Zoff, Oliver Kahn, Gianluigi Buffon, Manuel Neuer. Hakuna aliyeigusa.

Waliovunja vioo wakarudi uwanjani kupiga makofi. Hakuna kumbukumbu ya yeye kulipiza kwa maneno. Akaendelea kudaka.

MIAKA 41 NA BAADA YA HAPO

Mwaka 1966, akiwa na miaka 36, akaipeleka Urusi ya Kisovieti nusu fainali ya Kombe la Dunia, England. Walifungwa 2-1 na Ujerumani Magharibi huku wakiwa pungufu uwanjani, wakamaliza wa nne. Nchi hiyo haikuwahi kufanya vizuri zaidi ya hapo katika Kombe la Dunia. Mwaka 1970 alikwenda Mexico kama kipa wa akiba, kushauri vijana. Hesabu zinazotajwa sana ni mechi 812 kwa jumla, zaidi ya 70 za timu ya taifa, mataji matano ya ligi na makombe matatu. Yote kwa klabu moja tu, Dynamo, ileile ambayo bosi alitaka atimuliwe.

Mei 27, 1971 aliagwa rasmi Moscow mbele ya uwanja uliofurika. Waliokuja kumuaga ni pamoja na Eusébio, Bobby Charlton na Gerd Müller. Alikuwa na miaka 41.

Baada ya hapo mwili ulianza kudai madeni yake. Ule moshi wa tangu utotoni ulikuwa umeharibu mishipa ya damu, na katikati ya miaka ya 1980 akakatwa mguu mmoja. Mguu wa yule aliyekuwa anaruka kutoka nguzo hadi nguzo. Hilo nalo tuliseme wazi, ili kijana anayesoma hapa asidhani sigara ilikuwa sehemu ya ushujaa wake. Ilikuwa vita aliyoshindwa.

Mwaka 1989, akikaribia miaka 60, nyota wa soka walikusanyika Moscow kucheza mechi ya kumuenzi. Akaingia uwanjani akitembea kwa shida mbele ya mashabiki, nao wakasimama. Machi 1990 serikali ikampa nishani yake ya juu kabisa ya kazi, akaipokea akiwa mgonjwa nyumbani. Siku chache baadaye, Machi 20, 1990, saratani ya tumbo ikamchukua. Lile tumbo la tangu Ulyanovsk.

Leo kipa bora wa mwaka duniani anapokea tuzo yenye jina lake, Yashin Trophy, iliyoanza kutolewa mwaka 2019 katika usiku uleule wa Ballon d'Or. Anayeishika juu mbele ya kamera anashika jina la mtu aliyechekwa na wenzake, akawekwa pembeni miaka mitatu, na akazomewa na nchi nzima.

Wikiendi hii kuna kipa kijana mahali fulani atatoka golini, atagongana na beki wake, na bao litaingia. Jukwaani watu watasimama na kumtukana. Kabla hujafungua mdomo, mkumbuke Lev wa Dynamo. Na kama huyo kipa ni wewe mwenyewe, iwe uwanjani au kwenye shughuli zako, Jumatatu nenda mazoezini. Safari ijayo toka tena, ila piga kelele mapema.